Siku Nilipotafsiri Kijapani Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, nichekeni, ila mkimaliza mnihurumie, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, na haijapungua uzito hata kidogo.

Wakati huo video ndiyo kwanza zinaingia Bariadi, nami nilikuwa nasimamia kibanda cha video karibu na mnadani. Siku ya mnada, mchana, watu wamejaa, nikaweka mkanda wa zamani wa Kijapani, wa kutisha, kuhusu kabinti kanakodhoofika ndani ya nyumba yenye pepo. Wakaanza, "Kanasema nini hako?" Laiti ningenyamaza! Lakini Minza, mchumba wangu, alikuwa amemleta mama yake kutoka Mwamapalala aje aone kazi ya mkwe, mahari tumeshakubaliana, basi nikajitutumua nikasema Kijapani nakijua (Kijapani changu chote kilikuwa majina ya pikipiki).

"Mwadila, mayu," nilimwamkia mama, kichwa nimekiinamisha, nikamkalisha benchi la mbele. Kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe, kwa hiyo mwaka mzima wa uchumba nilikuwa naijua miguu yake na kanga zake tu, uso sijawahi kuutazama sawasawa.

Nikatafsiri. Watu wakacheka, wakashtuka, nikanogewa. Kwenye picha akatokea bibi wa yule mtoto, kasimama mlangoni kimya (sasa nadhani alikuwa anamletea uji), nami nikapaza sauti: "Mchawi ndiye huyu! Mtoto anasema, bibi ananimaliza, tazameni macho yake mekundu!"

Kisha mzee mmoja wa Mwamapalala akasema taratibu, "Hata mkwe wake mwenyewe kasema."

Vichwa vyote viligeukia benchi la mbele, na mimi, kwa mara ya kwanza, nikamtazama mama usoni. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi alizopikia miaka yote, na mnajua huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho hayo huitwa mchawi. Kumbe kijijini walikuwa wameshaanza kunong'ona juu yake, tangu mtoto wa jirani afariki.

"Nilikuwa natunga! Kijapani sikijui!" Nilipiga kelele. Walioniamini nikidanganya hawakuniamini nikisema kweli. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka.

Wiki ileile nyumba yake ikapigwa mawe. Akahamia Nyashimo kwa kaka yake, pamba akaiacha shambani haijachumwa. Nilitaka kufa. Minza alikuja kwangu mara moja tu, hakukaa hata kwenye kiti.

"Maadui walimwita hivyo akavumilia," alisema. "Ulipomwita wewe, akafunga mizigo."

Uchumba ukaishia hapo. Siku hizi mtu akiniuliza jambo nisilolijua, nasema sijui. Na hata nilijualo, mara nyingi, nasema sijui.