Kifo Kirefu cha Garnet Wiebe

Kwa miaka thelathini na minne Garnet Wiebe alilipwa ili afe mapema. Kote Saskatchewan, huko Kanada, mji kwa mji, katika michezo ya kuigiza ambayo watu huitazama wakila, alichezeshwa maiti, mtumishi, au mjomba anayeanguka kabla watazamaji hawajamaliza viazi vyao. Sauti alikuwa nayo. Kilichomponza ni sura, ile sura ya muuza matrekta.

Kwa hiyo alipopewa ufalme akiwa na miaka sitini na mmoja, aliuvaa kwelikweli. Hata kifungua kinywa alikula na taji.

"Mzee, taji linaingia kwenye asali," alisema mkewe, Verna.

Alitaka kitu kimoja tu: watu wamlilie, mara moja, kabla hajastaafu.

Basi onyesho la mwisho likagongana na fainali ya magongo ya barafuni. Na mji wao una desturi yake: siku ya fainali, mtumishi akiingia jukwaani na barua, lazima achomekee matokeo. Aliyeianzisha ni Garnet mwenyewe enzi zake za utumishi, na alishangiliwa sana, mshenzi yule.

Mfalme kashachomwa upanga, anaanza kuaga dunia, mara akaingia Doreen wa posta, safari hii ndiye mtumishi, na barua yake.

"Ewe mfalme, maadui wamezingira ngome! Na ni tatu kwa tatu, wameingia dakika za nyongeza."

Ukumbi mzima ukainuka, ukakimbilia televisheni ya barazani. Akabaki Verna na sweta analofuma.

"Kufa basi, twende nyumbani," akamwambia.

"Sifi ng'o! Sifi mpaka warudi."

"Umechomwa upanga, Garnet."

"Nitavumilia."

Akavumilia dakika ishirini na mbili, chali, akikoroma kwa uchungu. Doreen akamletea kahawa. Kisha watu wakaanza kurudi, vichwa chini. Tumefungwa. Garnet akaona ndiyo nafasi yake, akafa, tena akafa kwa raha zake. Ukumbi ukaangua kilio, wanaume wazima wakipenga makamasi kwenye jezi.

Kesho yake gazeti la mji likaandika kwamba hakuna mwigizaji aliyewahi kuwaliza watu namna ile. Mhariri wake naye alikuwa barazani.

"Unajua walikuwa wanalilia magongo," Verna alimwambia mezani.

"Najua." Garnet alipangusa asali kidoleni. "Lakini walikuja kulilia kwangu."