Kipande cha Msamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Fundi Mkuu wa karakana, pale jirani na soko la Morogoro, alinitupia suruali kuukuu ya mteja na kuniambia nikae nayo kwenye benchi la viraka. Nikauliza nikaifulie wapi.

"Nani kakwambia uifue? Isome. Ukimaliza uniambie mwenyewe anafanya kazi gani."

Niliigeuza asubuhi nzima. Magoti yalikuwa mazima. Makalio yalikuwa yamelika, zaidi upande wa kushoto, na pindo la mguu wa kulia lilikuwa na mafuta meusi. Nikasema ni fundi wa magari. Karakana nzima ikacheka.

"Fundi wa magari hulala chini ya gari, nguo yake huisha mgongoni," alisema Fundi Mkuu. "Huyu anaendesha baiskeli. Mnyororo uko kulia, ndiyo mafuta hayo."

"Na mbona imelika upande mmoja?"

"Hilo ni lake." Alininyang'anya ile suruali. "Sikiliza, kijana. Fundi huona mengi. Unachokiona ndani ya nguo, kirudishe ndani, kisha shona juu yake."

Ndivyo tulivyofunzwa. Vijana wa sasa huanza na kukata, wakiangalia mitindo kwenye simu, na nguo zao zinapendeza, sina neno. Sisi tulianza na kilichochakaa. Ulikaa na viraka mpaka mkono uzoee, ndipo ukaruhusiwa kupiga bandi, yaani kushikiza kitambaa kwa mishono mirefu ya muda, na baada ya hapo ndipo ulipoonyeshwa cherehani. Mimi nilionyeshwa Ngerengere.

Karakana ilikuwa na tawi huko, chumba kimoja karibu na stesheni, na Msimamizi wa Tawi alikuwa mama mmoja mwembamba ambaye hakupaza sauti kwa sababu hakuhitaji. Wateja wetu walikuwa wapakiaji mizigo na wakulima, watu wa kuinama na kunyanyua. Suruali zao zilipasuka mahali pamoja: msambani, pale mishono minne inapokutana kati ya miguu. Mimi nilikuwa nikirudia mshono mara tatu ili uwe imara, na baada ya wiki suruali inarudi imepasuka kandokando ya mshono wangu.

"Unaikaba nguo," Msimamizi aliniambia. "Haikukosa nguvu hii. Imekosa nafasi."

Akachukua mkasi, akafumua pale kati, akakata kitambaa chenye pembe nne kama andazi, akakiingiza. Hicho ndicho kipande cha msamba. Ukikitia, mtu anaweza kuchuchumaa, kuruka mtaro, kupanua miguu atakavyo, na suruali ikamfuata. Hakionekani mpaka mtu anyanyue mguu. Katika miaka yangu yote ya kushona sikujifunza kitu kilichonilisha kuliko hicho.

Nilirudi Morogoro na cherehani changu mwenyewe, nikapanga baraza mtaa wa nyuma ya soko. Hapo ndipo aliponikuta mzee mmoja kutoka juu mlimani, Towero, aliyeshuka na mkungu wa ndizi begani. Watu walimwita Babu Reli. Ujanani alikuwa kibarua Kisaki wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa, na msimamizi mmoja Mchina alimfundisha kung fu jioni, nyuma ya kambi.

"Fundi, unajua kushona suruali ya kupigia msamba?"

"Najua ya kupasukia, babu. Ya kupigia unionyeshe."

Akautua mkungu, akapanua miguu palepale barazani, akashuka mpaka mapaja yakalala sawa kama meza. Akabaki hivyo akiongea nami bei ya ndizi. Akinamama wa mboga waliacha kuuza. Nikapima.

Tangu siku ile nikawa fundi wake. Kila suruali niliitia kipande cha msamba, na kila masika aliponiletea ya zamani aliniomba nimtilie kitambaa kizito ndani ya goti la kulia. "Baridi ya mlimani, fundi," alisema. Nikatia. Mwaka uliofuata nikatia safu mbili.

Dada yangu naye alikuwa na binti, Zuhura, na nyumba yao ilipakana na shamba la Babu Reli. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine, kwa hiyo aliponiambia anataka kujifunza kung fu, mimi ndiye niliyepanda kwenda kumwombea kwa mzee. Alimfundisha kwenye tuta lililo mbele ya nyumba yake, lililokatwa mlimani kama ngazi moja ya ardhi. Nyuma kuna ukuta wa udongo, mbele ukikosea hatua unaangukia kwenye migomba ya jirani. Hapo alimfundisha mfululizo mmoja tu, maana kung fu ya zamani hufundishwa kwa mifululizo: hatua zenye mpangilio, moja ikiita nyingine, kama shairi linalosomwa kwa mwili. Zuhura alikua nao. Nilimwona akiufanya asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika kiuno cha mlima, na nilisahau kuwa nilikuwa nimefuata njegere.

Ila mfululizo ule ulikuwa nusu. Ukifika mahali fulani, mguu wa kulia mbele, mikono imefungwa kifuani, Babu Reli alisema, "Basi. Yaliyobaki yanataka uwanja."

Zuhura alimwambia washuke mjini, kuna viwanja vya shule vimejaa nyasi. Mzee akasema uwanja si huo. Vijana wa mjini walipomwomba Zuhura awafundishe, mzee alikataa katakata.

"Nusu haifundishwi. Ukimpa mtu nusu, hata yeye atakuja kutoa nusu ya nusu."

Na yeye alikuwa anazeeka mbele ya macho yetu. Tulijua akifa, sehemu ya pili itakwenda naye. Siku moja Zuhura alimwuliza bila kuzunguka: afanyeje? Mzee alielekeza kidole chini bondeni.

"Nenda Dar. Chuo cha kale hakiwezi kukosekana. Ila usidanganywe na mapambo."

Nikafunga baraza, tukaenda.

Tulifikia kwa ndugu yetu Buguruni. Vyuo vilikuwapo, tena vina mabango. Katika cha kwanza wanafunzi walivaa hariri nyekundu yenye dragoni mgongoni, wakaruka na kupiga kelele mpaka madirisha yakatetema. Zuhura alinitazama. Mimi nilikuwa natazama misamba yao. Mishono ilinyooka, mipya, haijawahi kuvutwa.

"Hawa hawashuki chini," nikamnong'oneza.

"Mjomba, umekuja kutafuta mwalimu au wateja?"

Cha pili kilikuwa hivyohivyo, cha tatu kilifundisha zaidi kupiga picha. Jioni ile Zuhura aliiacha chai mpaka ikapoa. Akasema huenda mzee amekumbuka vibaya, huenda hakuna chochote baada ya ule mguu wa kulia. Hilo ndilo lililoniumiza. Kukosa si kitu, lakini kuanza kumshuku aliyekulea!

Asubuhi nikaacha kutafuta vyuo, nikaanza kutafuta mafundi wenzangu. Watu wanaoshuka kweli hupasua suruali, na anayepasua ana fundi. Nilipita baraza kwa baraza. Mmoja, jamaa mwenye kofia ya mpira, alinisikiliza huku mguu wake haujaacha kukanyaga cherehani.

"Mzee, umekuja kushona au kupeleleza?"

"Natafuta watu wanaopasua msamba."

"Hao wapo kila baada ya harusi!" Wenzake wakacheka. Kisha akainama chini ya meza, akatoa suruali nyeusi iliyofifia mpaka kuwa kijivu. Nikaigeuza. Kati palikuwa na kipande chenye pembe nne, kimelika, na juu yake kipande kingine. "Hii ni ya vijana wa pale nyuma ya mashine ya kusaga. Mwalimu wao ananiletea kila mwezi. Nimemwambia wavae kanga."

Nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na kichochoro. Upana wake watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, na sakafu ilikuwa nyeupe kwa vumbi la unga. Hakukuwa na bango. Wanafunzi walisimama mstari mmoja, wameshuka kama Babu Reli barazani kwangu, kimya. Mwalimu, mtu mzima wa makamo mwenye miguu mifupi, alitoka na kopo la maji mkononi.

"Shikamoo mwalimu," alisema Zuhura.

"Marahaba. Unajua nini?"

"Nusu."

"Wengi wanakuja na yote. Onyesha hiyo nusu."

Akaonyesha. Mwalimu hakutazama mikono, alitazama nyayo. Zuhura alipofika pale, mguu wa kulia mbele, akasimama.

"Endelea."

"Nimefunzwa mpaka hapa. Babu anasema yaliyobaki yanataka uwanja."

Mwalimu alitazama ukuta wa kulia, akatazama wa kushoto. "Sisi uwanja wetu ndio huu, na tunamaliza." Akanywa maji. "Huyo babu yako, anatembeaje?"

Zuhura hakuelewa. Mwalimu akaweka kopo chini, akasimama pale aliposimama yeye, akafunga mikono kifuani. Kisha akasukuma ardhi kwa mguu wa kulia, akapaa, akajizungusha hewani katika kichochoro kile bila kugusa ukuta, na kutua chini kabisa juu ya mguu uleule wa kulia, goti limekunjika lote, uzito wote juu yake. Unga ukatimka.

Vidole vyangu vilijua kabla sijajua mimi. Vilikumbuka kitambaa kizito, safu moja, kisha mbili, kisha tatu, ndani ya goti la kulia. Mimi niliyesoma suruali za mji mzima nilikuwa nimeshona jibu hilo, goti lisiloweza tena kutua, masika baada ya masika, nikaliita baridi.

Zuhura alinigeukia. Naye alikuwa amekwisha kuelewa, niliona.

Alibaki kwenye kichochoro kile mpaka akamaliza. Aliporudi tulipanda Towero pamoja. Babu Reli alikuwa amekalia kigoda mlangoni, mguu wa kulia ameunyoosha. Zuhura akamwamkia, akavua ndala, akaanza. Alipofika pale hakusimama. Alipaa juu ya lile tuta jembamba, migomba ikiwa chini yake, akatua taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akaendelea mpaka mwisho.

Midomo ya mzee ilikuwa ikihesabu pamoja naye.

"Kwa hiyo uwanja ulipatikana," alisema.

"Ulipatikana, babu," alijibu Zuhura. "Mkubwa mno. Hapa tusingeweza."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Mzee akamruhusu kufundisha siku ileile.

Sasa nimestaafu. Cherehani nimekiuza, macho hayashiki tena uzi mweusi, na Zuhura anafundisha vijana chini mjini, kwenye nyasi za kutosha. Vijana wa ufundi wakija kuniuliza kazi, nawaambia niliyoambiwa: someni nguo, mpeni mtu nafasi, na mnachokiona ndani kirudisheni ndani. La mwisho ndilo gumu kuliko yote, na halina sindano yake.

Kazi moja tu bado naifanya, kwa mkono. Masika haya mzee ameituma tena ile suruali, na aliyeileta ni Zuhura.

"Babu anasema baridi imezidi," alisema, akiniangalia machoni.

"Imezidi kweli mwaka huu," nikamjibu, nikakata kitambaa kwa safu nne.