Mfuko wa Koti la Mwenyekiti

Mwaka ule wa hamsini na sita, mwenyekiti wa kamati yetu ya usafi katika lokesheni ya Nakuru, mtaa wa Waafrika, alikuwa akikagua mapipa huku anakula mahindi ya kuchoma, na gunzi akilitia mfukoni mwa koti alilorudi nalo kutoka vitani Burma. Hakutupa kitu njiani. Akikuta ganda la ndizi vumbini aliliinamia taratibu, mkono kiunoni, nalo likaingia mfukoni, hata tukifika nyumba za mwisho mfuko umevimba kama shavu lenye jino bovu. Vifuniko aliviinua kwa vidole viwili. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kwa pipa tupu hakuwa na mzaha. Kamati ilishaamua kwamba mwenye pipa tupu anamwaga taka mtaroni, na mtu wa namna hiyo anyang'anywe nyumba.

Jumamosi moja alifunua pipa la Eucabeth, ambaye mumewe alikuwa amekosa kazi tangu masika. Lilikuwa tupu, kavu.

“Mama, taka mnapeleka wapi?”

“Cha kutupa kitoke wapi, mzee?” Eucabeth alijibu, akitazama chini.

Karani wa kamati alikuwa anakuja nyuma yetu. Mwenyekiti alikohoa, akainama juu ya pipa, akakaa hapo kidogo. Alipoinuka, alimwachia karani nafasi achungulie.

“Taka ziko,” alisema. “Twende kwa Wasike.”

Mfuko wa koti lake ulikuwa umelala bapa. Kabla hatujafika kwa Wasike, alikuwa ameshaanza kuujaza tena.