Chupa za Darajani

Idara nzima ya maji ilimwita Mzee Chupa, na kama alikuwa na jina jingine, basi lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Kazi yake ilikuwa ile ile kwa miaka ishirini na miwili: kila Jumatatu asubuhi achote maji ya mto kwenye chupa nne, abandike tarehe, azipange ndani ya kasha la barafu na kuzifikisha maabara kabla ya saa tano. Hakuna aliyemwonea wivu. Kituo chake kilikuwa kwenye jiwe lililopakwa chokaa, chini ya bomba la majitaka la kiwanda cha ngozi, na kufika huko ilibidi ateremke korongo dakika arobaini, kisha alipande tena na kasha limemkalia begani kama mgeni asiyeaga.

Mkewe alipougua, miaka mitatu nyuma, hakuweza kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa kila baada ya muda, mgongo ulichubuka. Jumatatu moja Mzee Chupa alisimama darajani, hatua chache kutoka nyumbani kwake, mahali mto ulipokuwa bado haujafika kwenye lile bomba. Akatazama korongo, akatazama saa, akachota pale pale. Wiki hii tu, alijiambia. Wiki hiyo ikazaa nyingine, kama ilivyo kawaida ya wiki za namna hiyo, na mwezi wa nne mke akafariki.

Baada ya mazishi ungetegemea mtu arudi jiweni. Hakurudi, na wala haukuwa uvivu au ujanja. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula kwa kuwa sahani ipo. Alilala upande wake wa kitanda kwa kuwa ule mwingine haukuwa wake. Jumatatu ikifika, miguu ilimpeleka darajani ikasimama yenyewe.

Huko ofisini walikuwa wakishangilia. Uchafu wa mto ulikuwa umeporomoka, na mkurugenzi aliutundika mchoro wake ukutani, mstari unashuka kwa madaha. Habari njema hazina mpelelezi. Basi serikali ilipoagiza kila eneo lijiwekee malengo ya miaka mitano ya ubora wa maji, kwa kusikiliza maoni ya wananchi, mkurugenzi aliandika lengo la maneno matatu: kudumisha hali iliyopo. Maana yake ni kwamba kiwanda kisingeguswa, wala bomba lake lisingewekewa chujio, mpaka miaka mitano ipite.

Mzee Chupa aliisoma rasimu hiyo akinywa chai. Alijua palepale kwamba hali hiyo iliyopo ilitoka kwenye chupa zake. Akangoja aone aibu, au hofu, au chochote. Hakuona kitu. Akaongeza sukari.

Mkutano wa maoni ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mwananchi aliyetaka kusema alichukua kadi ya namba mlangoni. Watumishi wa idara walikaa mbele, kimya, kama walivyoagizwa. Namba tisa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, dobi anayefulia kule chini karibu na jiwe. Alieleza kwamba maji yanawasha, kwamba mashuka meupe yanatoka na umanjano, na kwamba lengo la kudumisha hali hii ni sawa na kuwaambia wadumu kujikuna.

Watu walicheka. Mkurugenzi naye alicheka kidogo, kisha akaonyesha mchoro wake.

"Takwimu hazidanganyi, mama. Zimetoka kituo kile kile cha siku zote. Mchotaji wetu yule pale."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Mzee Chupa, isipokuwa shemeji yake. Miaka mitatu alikuwa akifulia kando ya jiwe lile. Nani angejua zaidi yake kwamba mchotaji hashuki? Lakini alijua pia sababu, maana mashuka ya dada yake aliyafua yeye. Alikaa, akaweka mikono mapajani. Mzee Chupa akaiona ile mikono. Ngozi ilikuwa imechubuka katikati ya vidole, nyekundu na mbichi. Michubuko ya namna hiyo aliifahamu. Aliipaka dawa kila siku kwa miezi minne.

Akainuka, akaenda mlangoni, akachukua kadi. Namba thelathini na moja.

Alingoja zaidi ya saa nzima. Mmoja alilalamikia barabara, ambayo haikuwa mada, na mwingine alimsifu mkurugenzi mpaka namba ishirini na nane akasinzia. Hatimaye akaitwa. Karani alimnong'oneza kwamba watumishi hawaruhusiwi. Mzee Chupa akamjibu kwamba na yeye anakunywa maji.

"Takwimu za miaka mitatu ni za darajani," alisema. "Jiweni sijashuka."

Mkurugenzi aliuliza kwa nini.

"Mke wangu alikuwa anaumwa. Darajani ni karibu na nyumbani."

"Na alipofariki?"

Mzee Chupa alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, hata yeye mwenyewe.

"Alipofariki sikujua pa kwenda."

Karani aliyaandika maneno hayo kwenye safu ya maoni, kwa kuwa hapakuwa na safu nyingine. Lengo likafutwa, ikaamuliwa mto upimwe upya mwaka mzima kutoka jiweni ndipo lengo liandikwe. Mzee Chupa alipewa barua ya onyo. Aliikunja, akaitia mfukoni, na moyo wake haukusema neno.

Jumatatu aliteremka korongo. Magoti yalimkumbusha umri wake, na mwiba ukamchana kiganja. Shemeji yake alikuwa ameinama juu ya karai, akamwitikia salamu bila kusimamisha kazi. Mzee Chupa alipiga magoti kwenye jiwe, ambalo chokaa yake ilikuwa imekwisha, akazamisha chupa ya kwanza. Maji yakaingia kwenye mchubuko. Akauacha mkono mle mle, na machozi yakaanza kumtoka, akayaacha nayo.

"Yanawasha," alisema.

"Ndiyo, shemeji," dobi alimjibu. "Ndivyo tulivyokuwa tunasema."