Saa ya Dhahabu ya Docta Wilondja

Bonaventure, fundi wa saa, alipoifungua ile saa ya dhahabu, Constance alikuwa amekaa mbele ya meza yake juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta ya mawese aliyokuwa akiuza, ametulia kama mtu anayejua tayari atakachoambiwa. Hakuja kuuliza kama saa ni nzuri. Hilo soko zima la Baraka lilikuwa linajua. Alikuja tu ili saa ipigwe picha ndani, maana mnunuzi mmoja wa Bukavu, Madamu Tania, alikataa kutaja bei kabla ya kuona mashine.

Saa ilikuwa ya baba yake. Mzee Wilondja alikuwa muuguzi huko Fizi, juu milimani, na kwa kuwa miaka nenda miaka rudi hapakuwa na daktari, watu walimwita Docta. Mzungu mmoja aliyeondoka zamani alimwachia saa hiyo, naye akaifanya chombo cha kazi. Vidole viwili juu ya mkono wa mgonjwa, macho kwenye mshale wa sekunde, midomo ikihesabu bila sauti: ndivyo watoto wake walivyomkumbuka.

Alipougua na kuona hatapona, aliwaita wote wawili. Constance, mkubwa, akampa saa ya dhahabu. Lionel, mtoto wa kiume, akampa saa nyingine, pana, ya chuma, aliyokuwa akiivaa shambani. Lionel aliipokea kwa mikono miwili mbele ya mgonjwa. Ila matanga yalipokwisha alipanda pikipiki kwenda Lulimba kuchimba dhahabu, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumba ya dada yake. Kule kwenye mashimo aliwaambia wenzake kwamba baba yake alimpa mwanamke dhahabu, yeye akatupiwa kopo. Maneno hayo yalishuka na barabara hadi Baraka, yakamfikia Constance akiwa anapima mafuta. Naye akaapa hatamtafuta. Kila Noeli ilipofika, kila mmoja alipanda Fizi kumwona mama siku yake, peke yake.

Sasa macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, na hospitali ya Bukavu ilisema yanaweza kupasuliwa. Constance alitazama alichokuwa nacho cha kuuza, akaona ni mawese na saa.

Bonaventure aliweka lenzi jichoni, akainama. Akainuka, akafuta lenzi kwa shati, akainama tena.

"Mama Constance, nani alishafungula hii saa kabla yangu?"

"Hakuna muntu. Sababu ya nini?"

Fundi aligeuza kifuniko cha nyuma kuelekea mwangani. "Tazama. Saa kama hii inaandikwa jina ya kiwanda mara tatu. Juu ya uso wake, iko. Ndani ya kifuniko, iko, na alama ya dhahabu pembeni, dhahabu ya kweli. Lakini ya tatu inapaswa kuwa juu ya mashine." Aliisogeza saa ili Constance aone. "Hapa jina ni ingine. Hii ni mashine ya saa ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa ndogo, haikujaza nafasi, basi muntu akakata bati, akaizungushia ili isicheze. Na uso, ile miguu yake midogo ya kushikia chini, alikata, akabandika na gundi."

Constance alisikia maneno yote, na hakuna lililokaa. Alikuwa anakitazama kile kipete cha bati kilichokatwa kwa mkasi, kingo zake hazikuwa sawa.

"Unasema saa ya papa ni ya uongo?"

"Hapana. Ganda ni ya kweli. Uso ni ya kweli. Mishale sina hakika. Moyo ndio haiko yake."

"Na bei?"

"Ganda bila moyo, batapima dhahabu kwa mizani, basi. Madamu wa Bukavu hatataka."

Jua lilikuwa kali, na watu walipita sokoni na samaki vichwani. Kwa miaka yote aliivaa kanisani Jumapili. Ilikuwa ikichelewa, kila wiki ilihitaji kusogezwa mbele, naye alisema ni uzee. Aliwaambia watu hivyo, huku akiipapasa.

Kisha wazo likamjia, likajaa kichwa chote. Kabla baba hajaugua, kioo cha saa kilivunjika, ikapelekwa Uvira. Aliyeipeleka alikuwa Lionel.

Alimpigia simu palepale. Hakumsalimu.

"Lionel, moyo ya saa ya papa uliuzisha kwa nani?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine ya maji. "Yaya, dada yangu, ni weye? Moyo gani?"

"Ile uliitoa Uvira. Saa iko wazi hapa kwa fundi Bonaventure, ndani banaweka takataka. Mama anakuwa kipofu na weye ulishakula macho yake."

Lionel alikata simu.

Kesho yake, Constance alikuwa amerudi kwa Bonaventure kuchukua saa yake, na hapo pikipiki ikasimama mbele ya meza, vumbi la Lulimba limeifunika hadi taa. Lionel alishuka. Alikuwa amekonda, mvi zimemwingia ndevuni, na kwa kitambo Constance alidhani ni baba yake anakuja. Hakumtazama dada. Alivua saa ya chuma mkononi, akaiweka mezani kwa nguvu.

"Fundi, fungula na hii yangu. Aone kitu mi nilipewa. Muntu mwenye aliiba dhahabu, angekuwa anavaa hii kopo mpaka leo?"

Bonaventure alimtazama Constance, akamtazama Lionel. Saa ya chuma ilikuwa imekwaruzika vibaya, kioo kimekuwa cheupe. Aliisafisha udongo, akakaza chombo chake, kifuniko kikatoka.

Aliweka lenzi jichoni, akakaa hivyo muda mrefu mno. Constance aliona mdomo wake umefunguka kidogo.

"Inachelewaka?" aliuliza fundi, bila kuinua kichwa.

"Hapana," alisema Lionel. "Kule mashimoni batu bote banafwata hii. Haijachelewa."

"Haiwezi kuchelewa." Bonaventure alitoa lenzi na kumpa Constance kwanza. "Soma, mama. Jina."

Constance aliinama. Ndani ya lile kopo kulikuwa na kitu kinachong'aa rangi ya shaba nyepesi, vijiwe vyekundu vimepangwa, gurudumu dogo likienda na kurudi kama kifua cha mtoto aliyelala. Na juu yake, kwa herufi nyembamba, jina lilelile lililoandikwa ndani ya kifuniko cha dhahabu. Alisoma mara ya pili. Akaketi chini, siyo juu ya bidoni, chini kabisa penye magamba ya samaki.

Lionel alitazama baada yake. Akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati, akafunika uso kwa viganja. "Sikujua," alisema. "Yaya, na Mungu, mi sikujua. Niliigonga na jiwe siku moja. Nilitaka kuitupa mu shimo."

Jana Constance alimwita mwizi wa macho ya mama yake.

Walipanda Fizi siku hiyohiyo kwa pikipiki moja, dada nyuma ya kaka, kumuuliza mama. Mama yao, Immaculée, alikuwa nje ya nyumba anamenya mihogo kwa kupapasa. Alisikia nyayo, akainua uso.

"Nani banakuja? Ninasikia batu babili."

"Ni mimi, mama. Na Lionel."

Kisu kilisimama. "Bote babili?"

Constance alimweleza, kwa shida, akirudia maneno. Mama alisikiliza bila kushtuka hata kidogo, na hapo Constance akaogopa, kwa sababu alielewa kabla ya kuambiwa.

"Ulikuwa unajua."

"Mi ndio nilishika sahani, visikurufu vya kukazia mashine visianguke," alisema mama. "Papa yenu alifanya yeye mwenyewe, hapa, na vyombo vya zahanati. Bati alikata kwa kopo ya maziwa ya batoto bagonjwa. Alisema: Constance nikimupa yote, bashemeji batamunyanganya. Lionel nikimupa yote, atauzisha mbele ya mwezi kuisha. Kila mumoja apate nusu, basipokuwa pamoja haina bei."

"Na wewe ulinyamaza," alisema Lionel. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alinikataza kuambia mumoja peke yake. Alisema, siku banakuja bote babili kuniuliza, niseme." Akaendelea kumenya. "Nilingojea. Kila Noeli nilingojea. Mulikuwa munakuja mumoja mumoja."

Constance alisimama akaenda nyuma ya nyumba. Kilichomuuma hakikuwa saa tena. Zilikuwa zile Noeli zote, mama amekaa na neno moja mdomoni, sahani mbili zimepakuliwa siku mbili tofauti.

Huko Baraka, Bonaventure aliirudisha mashine katika ganda lake la dhahabu. Haikuwa kazi rahisi: Docta alikuwa amefupisha kijiti cha kujazia saa, ikabidi kingine kiletwe toka Bujumbura, na uso uliokatwa miguu ukabandikwa tena vilevile kwa gundi. Fundi aliwaambia wamweleze mnunuzi kila kitu, kwa kuwa atakiona mwenyewe akiifungua. Madamu Tania alipunguza bei kwa uso na kwa kijiti. Mishale nayo alisema ni ya mashine nyingine, akapunguza tena. Hata hivyo bei iliyobaki ilitosha upasuaji wa macho yote mawili, na nauli ya watu watatu. Lionel alitaka wasiiuze, waitunze. Mama ndiye aliyesema iuzwe.

Hospitalini Bukavu, siku moja kabla ya mama kupasuliwa, Constance alimuuliza swali alilokuwa amelibeba tangu Fizi. "Na kama tungekufa kabla ya kuja pamoja?"

Mama alifikiri. "Basi mi na papa yenu tungekuwa tumekosea," alisema.

Constance alimfunika miguu, akatoka nje kwa Lionel aliyekuwa amenunua chai. Ilimchukua muda, hata baada ya mama kuona vizuri na kurudi nyumbani, kuongea na mama bila kukumbuka zile Noeli. Lionel alirudi Lulimba, kazi yake iko huko. Akishuka Baraka sasa anafikia kwa dada yake.