Sahani ya Kanisia

Nianze na kosa lenyewe, ndugu msomaji, kabla sijapata nafasi ya kujitetea: nilikataa kula na mtoto mgonjwa, na mimi ndiye niliyekuwa daktari wake.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana, mwenyeji wa Bukoba, nimetoka ng'ambo kusomea kifafa cha watoto. Serikali ikanileta Mbinga, nami nikaona wilaya nzima imepata bahati. Lo, nilivyojiona!

Kule ziwani, upande wa Mbaha katika wilaya hiyo hiyo, watu waliamini povu la mwenye kifafa linaambukiza. Mtoto akianguka, hakuna wa kumgusa. Chakula anawekewa nje, kwenye sahani yake peke yake. Nikaapa kuufuta ujinga huo. Kila mkutano wa kijiji nilinguruma: "Kifafa hakiambukizi! Kuleni nao!" Mwenyekiti akaongoza makofi, na mimi makofi yale niliyapenda sana.

Mama mmoja akaniamini. Binti yake, Kanisia, nilimwanzishia vidonge, akaacha kuanguka, akaanza hata shule. Siku nilipopita kuwaona, mama akatandika mkeka, akaleta ugali wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya ziwani, katika sahani moja, akamketisha Kanisia kando yangu. Majirani wakasogea kutazama.

Kanisia akanawa, akamega tonge, akachovya. Alikuwa na pengo la meno ya utoto, mate yakamtoka kidogo. Mkono wangu ukagoma. Vitabu vyote vile, na mkono ukagoma!

"Nimeshiba, mama," nikasema. "Nimekula kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti, ambaye hakuwa amenipa hata maji, alikuwa amesimama pale pale.

"Haya, baba," mama akajibu, akaondoa sahani.

Jioni ile Kanisia alirudishwa kula nje. Vidonge navyo vikaachwa, maana aliyedanganya kuhusu sahani ataaminiwaje kuhusu dawa? Mimi sikujua. Nilikuwa nikipongezwa wilayani, nimeombwa niwafundishe wenzangu namna ya kuelimisha wananchi.

Niliporudi baada ya masika, nilimkuta Kanisia na mkono wa kulia umeungua, vidole vimeshikana. Alianguka motoni akiwa anaota moto asubuhi.

"Mbona hamkumtoa upesi?" nikafoka, bado nikijiona daktari.

Mama yake hakupandisha sauti. "Tuliogopa, baba. Hata wewe uliogopa."

Niliumia, na sitasema niliumia kuliko mtoto. Nilikaa chini nikaomba chakula. Wakaleta. Kanisia akala kwa mkono wa kushoto, nami nikala naye mpaka sahani ikaisha. Safari hii hakuna jirani aliyekuja kutazama.

Ninyi vijana mnaotumwa vijijini na hotuba zenu, nawasihi. Wananchi watawasikiliza, watawapigia makofi, kisha watawakaribisha chakula. Kuleni kwanza, hotuba zije baadaye. Mimi nilianza na hotuba.