Mwosha neli na kimeng'enya kilichokosekana

Saa moja na nusu asubuhi Bi Povu anainua neli ya kioo, anaielekeza dirishani, kisha anairudisha kwenye karai. Ameshaisuuza mara tano.

“Bado,” anasema. “Sabuni ikibaki kidogo tu, kipimo kinadanganya.”

Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa jinsi asivyovumilia povu. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa anaosha vyombo vya maabara hii, inayopima vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja chakula na mabaki mwilini. Zamani hayo hayakumhusu. “Nilikuwa naosha, nikimaliza naenda zangu.”

Kilichomfanya aulize ni binti yake mkubwa. Mtoto alianza kuongea vizuri, akaimba, akahesabu vidole. Alipofika miaka sita, maneno yakaanza kumpotea moja moja. Shuleni wakasema ni mvivu.

“Yalinikata maini,” anasema mama huyo. “Miaka minne nilimgombeza bure.”

Siku moja mtafiti mkuu alimkuta akilia juu ya karai. Akavuta kiti. “Hebu nieleze, dada yangu.” Akaomba mkojo wa mtoto aupime.

Jibu lilikuja wiki ya pili. Protini nyingi mwilini hubeba sukari. Zikichakaa, kuna kimeng'enya kinachokata kiungo kati ya sukari na kipande cha protini. Binti alizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, na mabaki yalikuwa yakijazana ndani ya seli zake. Dawa ya kumponya haikuwapo.

Jioni ile mama alipiga magoti mbele ya bintiye. “Nisamehe, mama,” akamwambia. Mtoto akamfuta machozi kwa kiganja.

Mdogo wake alipozaliwa, naye alipimwa. Neli zilizotumika aliziosha mama mwenyewe. Kimeng'enya kilikuwapo.

“Nilifurahi, halafu nikamwonea haya yule mkubwa,” anasema taratibu.

Leo mkubwa ana miaka kumi na sita. Amebakiwa na maneno machache, na kila siku mdogo wake humkalia mapajani akimsimulia habari za chekechea.

Bi Povu ameomba benchi na pazia kwenye kona ya ukumbi wa maabara, kwa ajili ya akina mama wanaosubiri majibu. Amekubaliwa.

“Wataalamu watawaeleza ugonjwa,” anasema. “Mimi nitakaa nao, niwaulize kwanza mtoto anaitwa nani, na anapenda nini.”